Damu Isiyoganda: Vipimo vya Maabara na Upungufu wa Vitamini K

Mtoto wa majuma matano analetwa zahanati alfajiri, amefungwa katika khanga ya mama yake. Usiku kucha amekataa ziwa, amelia kilio chembamba kisicho cha njaa, kisha mkono wake mmoja ukaanza kutikisika. Bibi yake anasema ni degedege. Mhudumu anampima malaria kwa kipimo cha haraka na haoni vimelea. Anapougusa utosi anaukuta umetuna na kukakamaa. Mama anaulizwa taratibu, naye anakumbuka kwamba siku mbili zilizopita palikuwa na damu kidogo puani, na kwamba kitovu kilipodondoka kilitoka damu kwa muda mrefu kuliko cha mtoto wake wa kwanza. Mtoto alizaliwa nyumbani wakati wa masika, akanyonyeshwa maziwa ya mama pekee kama inavyoshauriwa, na hakuchomwa sindano yoyote siku aliyozaliwa.

Huyu si mtoto fulani mwenye jina. Ni sura ya ugonjwa kama unavyofahamika kwa waganga wa watoto, na sura hiyo yaweza kujitokeza Madimba, kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara kuelekea mlango wa Mto Ruvuma, kama inavyoweza kujitokeza popote pale ambapo mtoto huzaliwa mbali na sindano moja ndogo. Gesi inayosafishwa Madimba husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Damu ya mtoto huyu, iwapo itapimwa, itasafiri kwa bodaboda au gari la wagonjwa ndani ya kichupa kisichozidi urefu wa kidole, na namna itakavyosafiri ndiyo itakayoamua kama majibu yatakuwa ya kweli au ya kupotosha.

Vitamini K inafanya nini

Mnamo mwaka 1929 mwanasayansi wa Denmaki, Henrik Dam, alikuwa akichunguza namna vifaranga wanavyotengeneza kolesteroli. Aliwalisha chakula kilichoondolewa mafuta, akashangaa kuona wanavuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli. Kilichokosekana hakikuwa miongoni mwa vitamini zilizojulikana wakati ule. Mwaka 1935 alikipa jina la herufi K, kutokana na neno la Kidenmaki na la Kijerumani lenye maana ya kuganda. Yeye na Edward Doisy wa Marekani, aliyefumbua umbile la kikemia la vitamini hiyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943.

Kazi yenyewe hufanyika katika ini. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu, ambazo katika makala haya zitaitwa vigandishi. Zisichanganywe na chembe sahani, ambazo ni jambo lingine. Vigandishi vinne, yaani namba 2 (protrombini), 7, 9 na 10, havitoki kiwandani vikiwa kamili. Hatua ya mwisho ya utengenezaji wake huhitaji vitamini K, ambayo huviwekea mfano wa makucha ya kushikia madini ya kalsiamu, na kwa makucha hayo vigandishi hujinasa mahali palipojeruhiwa. Vitamini ikikosekana, ini haliachi kazi. Huendelea kutoa vigandishi, ila visivyo na makucha: vipo katika damu, vinahesabika, lakini ni butu. Jambo hili, lililothibitishwa kikemia mwaka 1974, ndilo ufunguo wa kuelewa vipimo vyote vitakavyoelezwa hapa chini.

Mama wa Madimba anaweza kula kisamvu, mchicha, matembele na majani ya kunde karibu kila siku, na mboga za majani ndizo chimbuko kubwa la vitamini K kwa binadamu. Mtoto wake hata hivyo huzaliwa na akiba ndogo mno, kwa kuwa vitamini hiyo hupita kwa shida katika kondo la nyuma. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, huwa na takriban mikrogramu 1 hadi 4 tu za vitamini K kwa lita. Utumbo wa mtoto mchanga haujawa na bakteria wa kutosha wanaosaidia kuitengeneza, nalo ini lake ni changa. Kwa hiyo mama mwenye afya njema na lishe bora anaweza kuzaa mtoto mwenye upungufu, wala hakuna kosa alilotenda. Hii haiwi hoja ya kuacha kunyonyesha. Pengo hilo huzibwa na sindano ya miligramu 1 ya vitamini K kwenye msuli wa paja, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri wapewe watoto wote wanaozaliwa, baada ya saa ya kwanza ya kukumbatiana na mama ngozi kwa ngozi. Kwa watoto njiti kipimo cha dawa huzingatia uzito.

Asipoipata, kuvuja damu huweza kutokea katika vipindi vitatu. Cha kwanza ni ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, hasa kwa mtoto ambaye mama yake alitumia wakati wa ujauzito baadhi ya dawa za kifafa, rifampisini ya kifua kikuu, au warfarini. Cha pili ni kati ya siku ya 2 na ya 7, ambapo damu hutoka kitovuni, tumboni au mahali palipotahiriwa. Cha tatu ndicho cha kuogofya: huja baada ya juma la kwanza hadi miezi 6, mara nyingi kati ya juma la 3 na la 8, kwa mtoto aliyekuwa akionekana mzima. Katika kipindi hiki takriban nusu ya watoto wanaougua, au zaidi, huvuja damu ndani ya fuvu. Aghalabu hutanguliwa na dalili ndogo ambazo watu huzipuuza: damu ya pua, alama za kuvilia zisizo na sababu, kitovu kisichokauka, au jeraha la kukatwa kimeo ambalo damu yake haikatiki. Mtoto wa aina hiyo hana budi kupimwa damu siku hiyo hiyo, si kesho kliniki itakapofunguliwa.

Kipimo kinachohesabu sekunde

Wengi hudhani kwamba maabara hupima vitamini K yenyewe. Katika huduma za kila siku haipimi, na hata pale inapoweza, jibu lake halisaidii sana. Vitamini K ya kwenye damu ni kidogo mno, huhitaji mitambo ya gharama kubwa, huharibiwa na mwanga, na kiwango chake huakisi mlo wa siku moja iliyopita kuliko akiba iliyomo mwilini. Mtu aliyekula kisamvu jana anaweza kuonyesha kiwango kizuri ilhali ini lake halijapata muda wa kutengeneza vigandishi vipya.

Kinachopimwa ni matokeo ya kazi yake. Kipimo kikuu huitwa na wahudumu PT, yaani muda wa protrombini, nacho kilitangazwa na Armand Quick wa Marekani mwaka 1935, mwaka ule ule vitamini ilipopewa jina. Damu huzungushwa katika mashine hadi chembe nyekundu zitulie chini na plazma ya manjano ibaki juu. Plazma hiyo hupashwa joto la nyuzi 37, ikatiwa tromboplastini pamoja na kalsiamu, kisha sekunde zikahesabiwa hadi igande. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa takriban sekunde 11 hadi 13. Kwa mtoto mchanga huzidi kidogo, na kwa sababu hiyo majibu yake hayafai kulinganishwa na ya baba yake.

Tromboplastini za viwanda mbalimbali hazina nguvu sawa, hivyo sekunde 20 za maabara moja zingeweza kuwa sekunde 26 za nyingine. Ili kuondoa mkanganyiko huo, Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 1983 mfumo wa uwiano wa kimataifa unaojulikana kwa herufi INR. Mtu asiyetumia dawa ya kuzuia damu kuganda huwa na INR inayokaribia 1. Katika mtoto anayevuja damu kwa upungufu wa vitamini K, INR aghalabu hufika 4 au kupita, na wakati mwingine plazma hukataa kuganda kabisa.

Sababu ya PT kuwa ya kwanza kuharibika ni kigandishi namba 7. Maisha yake ni mafupi kuliko ya wenzake: nusu yake hutoweka katika takriban saa 6, ilhali protrombini huchukua siku mbili au tatu. Kwa hiyo mwanzoni mwa upungufu PT hurefuka peke yake, na kipimo cha pili, APTT, ambacho hukagua njia nyingine ya kuganda, hurefuka baadaye upungufu unapozidi. Lakini PT ina udhaifu wake. Haishtuki mpaka vigandishi vishuke sana, karibu nusu ya kiwango cha kawaida. PT nzuri haithibitishi kwamba akiba ya vitamini K inatosha. Husema tu kwamba bado haijafikia hatari.

Ipo njia ya kuona upungufu mapema zaidi, nayo ni kupima vile vigandishi butu vyenyewe. Protrombini butu hujulikana kwa jina la PIVKA-II, na kwa kawaida haitakiwi kuonekana katika damu ila kwa kiasi kidogo sana. Huonekana kabla PT haijarefuka, na hudumu siku kadhaa hata baada ya mgonjwa kupewa vitamini, kwa hiyo inaweza kuthibitisha chanzo cha ugonjwa hata kama sindano ilitangulia. Ni kipimo cha maabara chache, na daktari asikishangae kikipanda kwa mtu mzima mwenye homa ya ini aina ya B, kwani saratani ya ini nayo hukipandisha.

Kusoma majibu kwa pamoja

PT ndefu peke yake ni kama moshi: inaonyesha kwamba kuna moto bila kusema umewashwa na nini. Mambo mengine matatu ya kuangalia ni hesabu ya chembe sahani, kiwango cha fibrinojeni na APTT. Katika upungufu halisi wa vitamini K, chembe sahani ni za kawaida na fibrinojeni ni ya kawaida, kwa sababu hakuna kati ya hivyo kinachotegemea vitamini hii. Chembe sahani na fibrinojeni zikishuka pamoja na PT kurefuka, daktari hufikiria maambukizi makali ya damu yaliyovuruga mfumo mzima wa kuganda. Chembe sahani zikishuka peke yake huku PT ikiwa sawa, hilo ni tatizo jingine kabisa.

Ugonjwa wa ini huleta utata zaidi, maana ini ndilo kiwanda chenyewe. Hapo husaidia kigandishi namba 5, kinachotengenezwa na ini bila kuhitaji vitamini K: kikiwa kizuri ilhali namba 7 kimeshuka, kiwanda ni kizima ila kimekosa malighafi, vikishuka vyote viwili, kiwanda ndicho kilichoharibika. Mtoto mwenye manjano yasiyoisha, kinyesi cheupe na mkojo mweusi anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa vitamini K haifyonzwi bila nyongo. Huyo asitibiwe akaruhusiwa kwenda nyumbani. Achunguzwe njia za nyongo haraka.

Kipimo chenye nguvu kuliko vyote, hata hivyo, hakihitaji mtambo mpya. Ni PT ileile ikirudiwa baada ya mgonjwa kupewa vitamini K. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu, PT huanza kufupika ndani ya saa chache. Ini lililo zima lilikuwa likisubiri malighafi tu. Lililoharibika halijibu, au hujibu kidogo. Hivyo basi matibabu hugeuka kuwa uchunguzi, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea kwa pande mbili. Wapo wanaosubiri majibu ndipo watoe dawa, na mtoto anaendelea kuvuja damu kichwani. Wapo pia wanaotoa dawa bila kuchukua damu, na hospitali ya rufaa inampokea mtoto ambaye PT yake imeanza kurekebika, asijue mtu ugonjwa ulikuwa nini. Utaratibu unaofaa ni damu kwanza, dawa papo hapo, rufaa bila kuchelewa. Mshipa ukikosekana, dawa isisubiri. Na mtoto ambaye tayari anavuja damu apewe vitamini K polepole kwenye mshipa au chini ya ngozi, kwani sindano ya msuli yaweza kuacha uvimbe mkubwa wa damu. Kuvuja kunakohatarisha uhai huhitaji pia plazma, kwa sababu vitamini K haifanyi kazi dakika ileile.

Safari ya kichupa

Damu ya PT huwekwa katika kichupa chenye kifuniko cha buluu, chenye sitireti ya sodiamu ya asilimia 3.2. Uwiano ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitireti, na alama iliyochorwa kwenye kichupa si pambo. Kikijazwa nusu, sitireti huzidi, hunyakua kalsiamu iliyowekwa na maabara, na PT hurefuka kwa uongo. Mtoto mchanga mwenye damu nzito mno, yaani chembe nyekundu zinazozidi asilimia 55 ya ujazo, huleta kosa lile lile hata kichupa kikijazwa sawasawa, na maabara hulazimika kupunguza sitireti. Ndiyo maana umri wa mtoto na kiwango cha damu viandikwe kwenye fomu. Kichupa kigeuzwe juu chini taratibu mara tatu au nne, kisitikiswe. Kikionekana kuwa na bonge la damu kimekwisha kuharibika. Hakuna sababu ya kukisafirisha.

Jambo linalowashangaza wengi ni barafu. Mhudumu aliyezoea kubeba chanjo huona ni busara kuitia damu katika kasha lilelile la baridi. Kwa PT ni kosa: baridi huamsha kigandishi namba 7 na kuifupisha PT, hivyo mgonjwa akaonekana mzima. Kichupa kisafiri katika joto la kawaida la chumba, kivulini, mbali na jua la mchana na injini ya pikipiki. Kikibaki kimefungwa, PT huweza kupimwa hadi saa 24. APTT huhitaji kupimwa ndani ya saa 4. Kutoka Madimba hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula muda huo unatosha, mradi kichupa kiondoke pamoja na mgonjwa na si siku inayofuata. Muda wa kutoa damu, na muda wa sindano ya vitamini K, viandikwe kwa saa na dakika. Bila hivyo PT ya pili haina maana.

Katika zahanati isiyo na PT kipo kipimo cha miaka mingi: mililita 2 za damu katika kichupa kipya, kikavu, cha kioo, kinachoachwa kimya kwa dakika 20 kisha kikainamishwa. Kilibuniwa kwa ajili ya waliong'atwa na nyoka, na wakulima wa mikorosho wana haki ya kukitegemea kwa hilo, maana sumu ya baadhi ya nyoka huteketeza fibrinojeni hadi damu isigande kabisa. Kwa upungufu wa vitamini K hakiaminiki vya kutosha. Damu isipoganda, ni hatari ya wazi. Ikiganda, mtoto mwenye dalili bado apewe vitamini K na apelekwe rufaa. Kichupa cha plastiki, au cha kioo kilichooshwa kwa sabuni, kinaweza kuchelewesha damu ya mtu mzima kiafya na kuleta hofu bure.

Watu wazima

Kwa watu wazima upungufu utokanao na chakula pekee ni nadra. Huonekana kwa mgonjwa aliyelazwa muda mrefu bila kula huku akitumia viuavijasumu, kwa mwenye nyongo iliyozibwa, na kwa aliyekunywa baadhi ya sumu za panya, ambazo huzuia vitamini K kwa majuma kadhaa. PT yake inaweza kuwa nzuri siku ya kwanza na kuharibika siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo hairuhusiwi kumrudisha nyumbani kwa jibu moja.

Kundi jingine ni la waliowekewa vali za chuma katika moyo, ambao baadhi yao hufuatiliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Hao hunywa warfarini, dawa inayoleta kwa makusudi upungufu wa kadiri wa kazi ya vitamini K ili damu isigande juu ya vali. INR yao hutakiwa kuwa juu, mara nyingi kati ya 2 na 3.5 kutegemea aina ya vali na mahali ilipo. Mhudumu wa Mtwara akiiona INR ya 3 kwa mgonjwa huyu asikimbilie vitamini K. Naye mgonjwa asiache kisamvu. Ale kwa kiasi kinacholingana juma hadi juma. Anayejinyima mboga mwezi mzima kisha akala sahani tatu msimu wa mvua huifanya INR ipande na kushuka, na daktari hubaki kubadilisha dozi bila kujua sababu.

Kurudi kwa mtoto wa majuma matano, swali ambalo familia huuliza baada ya hofu kupungua ni kama ugonjwa huu ni wa ukoo, na upande wa nani. Maabara inaweza kujibu. Hemofilia, ambayo hurithiwa, hurefusha APTT huku PT ikibaki ya kawaida, na vitamini K haiibadilishi. Mtoto ambaye PT yake ilikuwa ndefu kupita kiasi, chembe sahani zake zikiwa za kawaida, kisha PT ikarudi mahali pake baada ya vitamini K na ikabaki hapo, hana ugonjwa wa ukoo wa mama wala wa baba. Alikosa sindano ya miligramu 1, na mdogo wake atakayezaliwa ataipata ikiwa jambo hili litaandikwa katika kadi ya kliniki ya mama.